Siku Uliponishusha Ngomo

Riziki mwanangu,

Barua inapaswa kuanza kwa kuuliza hali. Yako sina haja ya kuiuliza, nakuona toka hapa: umeikalia valizi kwa uzito wako wote ili ifunge, na mama yako amesimama mbele yako anakuonyesha vile valizi inavyokaliwa. Hali yangu nayo unaijua. Niko muzima, nimeshiba, na kama bado unatafuta kile kipande cha samaki ulichokuwa umejifunikia kwa ajili ya jioni, acha kumtazama paka.

Naandika nyuma ya nyumba, chini ya mabati ya jikoni. Mvua inapiga, mto Mulongwe unanguruma, na mama yako ameisha kupandisha gunia la unga juu ya meza. Usishangae mwandiko. Unajua nilifika mwaka wa tano wa primeri, na hapo ni mwalimu aliyechoka, si minye baba yako. Weye uko na diplome ya kutibu watu. Ukiona kosa, lisahihishe kwa kalamu nyekundu, unirudishie karatasi, nitafungia samaki wa ndagala.

Mambo ya chandarua, na chumvi, na nani atakusuka nywele huko, mama yako amekuambia, na atakuambia tena kesho utakapokuwa umeisha kuvaa kaske ya pikipiki kichwani, husikii kitu. Minye sina maagizo. Nataka kukuambia tu kwa nini nilisema ndiyo.

Kwa maana nilisema hapana muda mrefu, tena kwa nguvu. Tangu ulipopata ile kazi ya kupeleka chanjo kwa pikipiki katika vijiji vya msituni, huko juu mbele ya Bunyakiri, nilisema hapana mezani, nilisema hapana njiani tukitoka kanisani, nilimfanya hata pasta aseme hapana, masikini, na yeye hakujua ni hapana ya kitu gani. Weye hukugombana. Ulisema tu: "Baba, bila neno lako siendi." Hilo lilikuwa kosa lako. Ukimpa muzee kama minye ufunguo wa mlango, ataukalia. Nami niliukalia. Wakubwa wako wa kazi walikupa mpaka mwisho wa mwezi, wakasema baada ya hapo watatafuta mwingine, na minye nilikuwa naungoja mwisho wa mwezi vile mutoto anavyongoja Noeli.

Halafu Jumamosi ile tukapanda Ngomo, ule mlima wa kona. Tuliporudi nikasema ndiyo katikati ya bugali, mdomo umejaa. Mama yako anafikiri nilichoka kubishana. Weye unafikiri nilishindwa na aibu. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza, njo maana naandika.

Usifikiri niliogopa kwa sababu siijui njia ile. Niliogopa kwa sababu naijua. Kabla hujazaliwa nilikuwa natoka hapa na mifuko ya ndagala nyuma, napita Kiliba, Runingu, Sange, uwanda mzima wa Ruzizi, na vumbi lake linaloingia mpaka ndani ya soksi. Uwandani pikipiki inajipeleka yenyewe. Ng'ombe wa watu wa milimani wanakutazama kama ni weye unayepotea. Unaimba. Unafikiri weye ni dereva. Kisha unafika Kamanyola, nchi inasimama wima mbele yako, na nyimbo zote zinakutoka kichwani.

Ukimaliza Ngomo, ukipita Bukavu, ndipo baridi inaanza. Mara ya kwanza nilipoingia msitu wa Kahuzi, minye mutoto wa ziwa, nilikuwa na shati moja tu. Mianzi imefunga njia pande zote, ukungu unatembea barabarani kama muntu, meno yangu yanagongana. Nilidhani ni malaria. Nilikuwa nimebeba mama mmoja muuza vitenge. Akanionea huruma, akanifunga kitenge cha maua kifuani na kingine kichwani. Hivyo ndivyo nilivyoingia kijiji cha kwanza: mama mwenye ndevu, juu ya pikipiki. Watoto walikimbia. Muzee mmoja alivua kofia akanisalimia kwa heshima zote, "Jambo, mama."

Siku nyingine, humo humo msituni, nilikata kona nikakuta gorila dume amekaa katikati ya njia anakula. Mkubwa, mgongo mweupe, tumbo kama la mheshimiwa. Hakusimama. Alinitazama mara moja tu, vile mukubwa wa ofisi anavyomtazama muntu aliyeingia bila kubisha. Nikazima moteri. Nyuma yangu ikaja lori, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Weye! Unangoja nini hapo? Piga honi!"

"Piga yako."

Akatazama mbele. Akazima moteri naye. Tukangoja, wanaume wawili wenye ndevu, mpaka mukubwa alipomaliza kula, akajikuna, akaingia kwenye mianzi bila kutuaga. Sikujifunza kitu siku ile, nilipoteza nusu ya asubuhi tu. Nakuandikia kwa sababu utakutana naye, yeye ama mutoto wake, na nataka umusalimie.

Lakini si gorila aliyeninyima usingizi. Wala si baridi, wala matope, wala wale vijana wanaofunga kamba njiani na kuiita bariere. Hao utawashinda kwa maneno, ulimi umeurithi kwangu. Aliyeninyima usingizi ni koko yako, yule aliyezaa mama yako.

Unajua nilianguka naye Ngomo. Mtaa mzima wa Mulongwe unajua. Unajua pia kwamba mkono wake wa kuume haukunyooka tena, na toka siku ile watu wengine ndio waliomtwangia majani ya sombe. Watu wanasema ni matope. Mama yako anasema ni matope, kwa sababu ananipenda, ama kwa sababu ni afadhali kuolewa na mwanaume aliyeshindwa na matope kuliko yule aliyeshindwa na kitu kingine. Matope yalikuwako, kweli. Ila hujaambiwa vile tulivyokaa juu ya pikipiki.

Kwetu mukwe na mama mukwe hawagusani. Ukimuona anakuja unamupisha njia, na mkisalimiana unatazama miti. Sasa dada yake akafa kule Nyangezi, juu ya Ngomo. Mvua ilikuwa imekata njia ya magari, na pikipiki iliyokuwa karibu ni yangu. Angebaki nyumbani? Muntu hakosi kilio cha dada yake. Basi wazee wakakaa, wakashauriana, wakapata dawa: wakatuwekea ukuta. Walichukua bidoni kubwa ya mafuta ya mawese aliyokuwa anaipeleka kwenye kilio, wakaifunga katikati yetu, wima. Minye mbele, bidoni katikati, koko yako nyuma, amekaa upande-upande, ameikumbatia bidoni kwa mikono yote miwili. Heshima ikalindwa. Wazee walifurahi kama watu waliojenga daraja.

Uwanda mzima tuliongea kupitia bidoni.

"Weye bidoni," anasema koko yako, "ambia huyu dereva wako apunguze mbio. Maiti iko kule tunakoenda, haiko hapa."

"Bidoni," najibu, macho mbele, "ambia mama hizi si mbio, ni upepo."

"Bidoni, mwambie minye nimezeeka, upepo naujua. Upepo hauna honi."

Tulicheka, Riziki. Minye nilikuwa nacheka kimya kimya, na nyuma nilimsikia naye anatikisika, bidoni inatikisika pamoja na sisi. Toka nimuoe mama yako sikuwahi kuwa na maongezi matamu hivyo na mama mukwe wangu. Karibu nimuombe bidoni aje nyumbani akae na sisi.

Halafu Ngomo. Kuna ile kona ambapo maji yanashuka kutoka kwenye mwamba na barabara inakuwa sabuni. Kabla ya kuifikia nilijua. Nilijua vile mama anavyojua mutoto ana homa kabla hajamugusa. Uzito wote ulikuwa nyuma, usukani mikononi mwangu ulikuwa mwepesi kama manyoya ya kuku. Cha kufanya kilikuwa kimoja tu: nisimame, nimwambie mama mukwe wangu, muntu mzima, tena aliyefiwa, ashuke katika matope, apande kwa miguu. Nililitafuta neno hilo. Nikafikiri hata kumpa bidoni alifikishe. "Bidoni," nikaanza, "mwambie mama..." Aibu ikanishika. Nikamalizia: "...mwambie mama ashike vizuri."

Akashika vizuri. Alishika bidoni.

Gurudumu la mbele likainuka. Tukarudi kinyumenyume, tukaanguka upande wa mwamba, Mungu asifiwe, kwa maana upande wa pili hakuna kitu, kuna Ruzizi tu, mbali sana chini, nyeupe, inapiga kelele kati ya mawe. Bidoni ikapasuka. Koko yako alikuwa amekaa ndani ya mawese, mwekundu toka kitambaa cha kichwa mpaka miguuni, na mkono wake umekunjika mahali mkono haukunjiki. Nikamshika kiunoni, minye mukwe, nikamuinua. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nilipomuoa binti yake. Safari hii hakuongea na bidoni.

"Mukwe," akasema, "kama ungeniambia nishuke, ningeshuka."

Hakulirudia neno lile maisha yake yote, na alinipenda kuliko watoto wake wa kiume, ambao kweli hawakuwa na ushindani mkubwa. Lakini kila nilipomuona mama yako anamkatia nyama kama mutoto mdogo, nililisikia upya. Sikupanda Ngomo na muntu nyuma tena. Nilisema ni mgongo unaniuma. Mgongo wangu, unaujua, haujawahi kuuma.

Sasa weye. Unaenda nchi ambako kila muntu atakuomba umubebe. Chef wa kijiji na mke wake. Pasta na gitari lake. Mjomba ambaye hujawahi kumuona, aliyegundua jana kwamba ni mjomba. Muntu mwenye bunduki na mbuzi. Watakuita dada, watakuita mama, watakuita dokta, na watataka kukalia kisanduku cha chanjo. Na weye ni mutoto tuliyemulea vizuri! Hilo njo lililoniogopesha. Tulikufundisha kupokea kitu kwa mikono miwili, kutomkatalia muzee, kungoja mkubwa amalize hata kama anasema upumbavu, na katika nyumba hii ulingoja sana. Wageni walipokusifu, "Riziki ana heshima," mama yako aliumuka kwa furaha kama mkate. Minye nilikuwa naona mkono wa koko yako.

Basi nikakuambia: nataka kuona kama unaweza kupanda Ngomo na muntu nyuma bila mguu wako kugusa chini. Ukigusa, unabaki Uvira. Ulifikiri ni mtihani wa pikipiki. Pikipiki unaendesha vizuri kuliko minye, nilijua hilo zamani, na sehemu hii usiisome kwa sauti mama yako akiwa karibu. Nilikuja kukuharibia. Lile gunia la mihogo nililosema ni la rafiki yangu wa Kamanyola? Sina rafiki Kamanyola. Nililibeba mgongoni ili nikuvute nyuma. Vile nilivyoinama kushoto kila ulipoinama kulia? Sikuwa natazama mto. Na ulipoanza kupanda, nikaanza kuimba wimbo wa kanisa na kupiga makofi, unakumbuka, ukasema nimepata Roho. Nilikuwa nataka mguu mmoja tu. Kidole kimoja cha mguu. Uguse chini, turudi nyumbani, ukae hapa, uolewe na yule kijana anayetengeneza simu sokoni, mwenye meno mazuri.

Kidogo kabla ya ile kona ya maji, mahali bado pakavu, ukasimama. Ukazima.

"Baba, shuka."

"Nini?"

"Shuka."

"Riziki, unajua unaongea na nani?"

"Na mzigo. Na mihogo yako nayo ishuke."

"Minye ni baba yako! Magoti yangu iko mugonjwa!"

"Magoti haya yalicheza mpaka asubuhi kwenye ndoa ya jirani."

"Watu watasema nini, wakiona muzee anatembea na mutoto wake iko juu ya pikipiki?"

"Watasema muzee anatembea. Baba, njia ni mbaya hapa, na weye unanivuta. Shuka, nitakungoja juu."

"Umeweka mguu chini! Nimeuona! Umeshindwa!"

"Nimeweka mguu kwa sababu nimesimama. Nimesimama kwa sababu natunza muntu. Sasa shuka."

Nilijaribu kila kitu. Nilikasirika. Nilikohoa kikohozi cha muntu anayekufa. Nilikaa pale pale kama kuku juu ya mayai. Weye ukakunja mikono, ukatazama milima, ukaanza kuimba wimbo wangu ule ule wa kanisa, polepole, ubeti kwa ubeti, na kuna beti nyingi katika wimbo ule. Hukunipigia kelele. Hukuomba samahani pia. Niliposhuka, ulichukua gunia la mihogo kwa mikono miwili, ukaniwekea begani kwa adabu, vile unavyompa mgeni maji ya kunawa. Ukaniuliza kama limekaa vizuri. Halafu ukaniacha.

Kwa hiyo njo nilivyosema ndiyo, mwanangu, na sikuchoka, na sikushindwa. Toka Jumamosi ile nalala vizuri hata mama yako analalamika kwamba nakoroma mpaka mabati yanajibu. Kesho nitaamka kukuaga, lakini usitegemee machozi, nimemwachia mama yako kazi hiyo, anaiweza. Nani apande nyuma yako na nani ashuke, utajua weye. Siku nyingine itakuwa zamu yako kushuka, mgonjwa akae, na weye usukume. Hilo sikufundishi, diplome ni yako.

Bado kitu kimoja. Nilipofika juu, jasho linatiririka, ulikuwa umekaa juu ya jiwe unakula ndizi. Ukaniuliza mbona nimekawia. Nikasema nilikuwa nafunga kamba za viatu, na weye ukatazama miguu yangu, nimevaa kambambili za plastiki, ukanyamaza. Ahsante kwa kunyamaza. Ngoja nikuambie nilikuwa wapi.

Ulipopotea nyuma ya mwamba, nilitua gunia nikalikalia. Nilikusikia unapanda. Moteri haikukohoa, haikulia, ilikuwa inasema neno moja tu bila kupumzika. Nikaanza kucheka peke yangu pale chini, muzee mzima, juu ya mihogo ya rafiki ambaye hayuko. Akapita mama mmoja anateremka, ndizi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akasimama.

"Muzee, iko nini? Pikipiki imekuacha?"

"Imeniacha."

"Dereva gani huyo anaacha muzee njiani?"

"Mutoto wangu. Wa kike."

"Aka! Watoto wa leo! Pole sana, muzee."

"Pole ya nini? Nyamaza kwanza, usikie vile anavyopanda."

Yule mama akatua ndizi zake, akaweka mkono nyuma ya sikio. Tukasikiliza sisi wawili. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye mwamba. Mto ulikuwa unasikika huko chini.

"Lakini muzee," akasema, "minye sisikii pikipiki."

"Hata minye," nikamwambia. "Ameisha kufika."

Ni minye,
baba yako.